Kufuli la Fundi wa Laini

Katika kazi ya umeme kuna sheria moja niliyofundishwa kabla ya kufundishwa kushika bisibisi. Kabla ya kugusa laini, unakata umeme kwenye posti, kile kijumba cha swichi za laini, kisha unafunga mkono wa swichi kwa kufuli lako mwenyewe. Si kufuli la karakana. Ni lako, lina kibati cha shaba chenye namba yako ya kazi, na ufunguo wake mmoja tu uko mfukoni mwako. Mpaka urudi na kulifungua kwa mkono wako, hakuna mtu, awe na cheo gani, anayeruhusiwa kurudisha umeme. Wazee wa karakana yetu ya mgodi wa Kolwezi, Katanga, waliisema kwa ufupi: kufuli njo mutu, kufuli ndilo mtu. Ukiona kufuli linaning'inia pale, usihesabu kwamba umeona chuma. Umeona mtu yuko juu ya laini.

Mimi sikuwa mtu wa laini. Nilikuwa fundi wa kusuka mota, bobineur kama tulivyoitwa. Mota ikiungua shimoni au kwenye pampu, ililetwa kwetu, tukaipasua, tukatoa nyaya zilizogeuka mkaa, tukasafisha mifereji yake na kuisuka upya kwa waya mpya. Ni kazi ya kukaa. Unahesabu mizunguko kimoyomoyo, na mtu akikusemesha unampungia mkono aondoke.

Watu wa nje walituita sote "batu ba kuran", watu wa umeme, kana kwamba umeme ni kazi moja. Ndani ya karakana tulijua kuwa ni makabila kadhaa, na kila moja lilicheka mengine. Watu wa laini, waliopanda nguzo na kushughulika na umeme mkubwa, waliitwa nyani. Watu wa majumba, waliotia nyaya na taa katika nyumba za kambi, waliitwa babwana ampoule, mabwana balbu. Fundi wa rile, zile saa ndogo zinazokata umeme zenyewe panapotokea hatari, tulimwita padri, kwa sababu alikaa peke yake katika chumba chenye baridi akisikiliza makosa ya wengine. Na sisi wa mota tulikuwa washonaji. Nilijifunza mengi ya kazi za wenzangu katika vitabu vya Kifaransa vilivyokosa majalada, lakini kujua kitu kitabuni hakukupi ruhusa ya kukigusa. Mshonaji hapandi nguzo. Nyani hasuki mota. Hivyo ndivyo tulivyoishi bila kuuana.

Rafiki yangu katika karakana alikuwa mtu wa laini. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita yaya, yaani kaka, na yeye aliniita mushonaji hata mbele ya mke wangu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, enzi ambazo kampuni ilitafuta mikono mbali. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, na Kasai alikuwa hajapata kuiona. Alipopita karibu na meza yangu aliniuliza, "Ile kanzu ya mota itaisha leo, mushonaji, ao bibi-arusi angojee?" Nami nilimjibu kwamba nyani akidondoka asije kuniomba nimshone.

Kisha zikaja nyakati ambazo wote wenye umri wangu hapa wanazikumbuka, na wengi hatuzitaji. Kampuni ilikuwa inakufa. Waya mpya haukuja tena, tukawa tunafumua mota tatu zilizokufa ili tupate kusuka moja. Mshahara ulichelewa, halafu ukawa habari ya uvumi. Na watu wanapokosa, hutafutiwa wa kulaumu. Redioni na mikutanoni ilianza kusemwa kwamba kila mtu arudi kwabo, na kwamba wenye asili ya Kasai ndio waliokula mkate wa wenyeji. Waliitwa bilulu, wadudu, na walioitwa hivyo walikuwa watu tuliokunywa nao chai asubuhi ileile. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga. Mimi hakuna aliyekuja kunigongea.

Karakana ilianza kutoboka. Padri wa rile alikuwa wa kwanza. Alitoka Jumamosi na hakuonekana Jumatatu, na tangu siku hiyo hatukuwa na mtu wa kuzipima zile saa. Zilibaki na vipimo alivyoviacha, na sisi tukaziogopa kama dawa isiyo na karatasi. Mmoja mmoja wakafuata wengine. Ukitafuta fundi wa winchi ya shimo, meza iko, mwenyewe hayupo. Niligundua kwamba kazi niliyodhani iko ndani ya mitambo ilikuwa ndani ya watu, na watu walikuwa wamebeba magodoro wakielekea ku gare, stesheni ya reli, kungoja treni ya kwenda nchi ambayo wengi wao hawakuijua.

Siku vijana wa kufukuza watu walipoingia Dilala, upande wa kambi yetu, yaya wangu alikuwa juu ya nguzo. Alikuwa anamaliza kubadilisha vikombe vya kaure vilivyopasuka kwenye laini inayopeleka umeme kwenye pampu ya maji. Kufuli lake lilikuwa posti. Mtu alimwita kutoka chini kwamba kwenye mitaa ya kambi nyumba zinafunguliwa kwa mashoka. Wenzangu walioona wanasema alishuka bila haraka, akatoa nyaya za udongo, zile zinazoshusha ardhini umeme uliopotea njia, akakunja mkanda wake, akaweka viatu vya kupandia ndani ya mfuko, ndipo akaanza kukimbia.

Kufuli likabaki.

Asubuhi iliyofuata mabomba yalikohoa hewa. Siku iliyofuata hayakukohoa tena. Pampu ile ililisha kambi yetu, na bomba lake la mwisho ndilo lililokuwa ku gare. Kwa hiyo maji yalikatika kwa waliofukuza na kwa waliofukuzwa kwa kipimo kilekile.

Shefu wetu mpya aliniita posti. Alikuwa bwana ampoule, mtu wa majumba, aliyepandishwa cheo kwa sababu wakubwa wote wawili waliokuwa juu yake walikuwa wa Kasai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimama mbele ya swichi ya laini ya pampu, na mkononi alishika msumeno wa chuma. Nyuma yake walikaa vijana wawili wa mtaa waliokuja kuhakikisha kwamba maji yanarudi. Mmoja alikuwa amelaza fimbo juu ya magoti.

"Ile kufuli haina tena mwenyewe," shefu alisema.

"Iko na mwenyewe. Eko ku gare."

"Mutu wa ku gare hana hata kiti, atakuwa ye na kufuli?"

Kijana mwenye fimbo alicheka. Shefu hakucheka. Aliligeuza kufuli kwa kidole, akasoma namba ambayo sote wawili tuliijua.

"Bamama banakuya na bidon ku mulango yangu kila asubui," alisema. "Bibi yangu eko kati yabo. Unataka niseme nini? Niseme kuko sheria?"

"Nitaenda kuomba funguo. Kama laini ni safi atanipa. Kama haiko safi, atasema."

Alitazama nje. Kivuli cha nguzo ya posti kilikuwa kimelala kwenye changarawe kuelekea machweo.

"Kivuli ikifika ku muguu ya nguzo, nakata," alisema. "Enda, mushonaji. Enda mbio."

Ku gare kulikuwa na wengine wa fimbo mlangoni. Nilikuwa nimevaa ovaroli ya kampuni na kofia ngumu, na hiyo ndiyo iliyonisaidia.

"We, unatafuta nani kwa bilulu?"

"Natafuta ufunguo wa mayi, wa pampu."

"Musikie. Mayi sasa iko na ufunguo. Na mulango iko wapi, tata?"

Mwenzake alimsukuma bega. "Muache apite. Ku nyumba yetu tunaoga na mate."

Nilipita. Sitaeleza kila kitu nilichokiona ndani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na watu walikuwa wametandaza nguo juu ya reli zikauke. Walikuwa na vyerehani, masufuria, picha za arusi zenye vioo. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya mlango wa nyumba yake. Aliung'oa na bawaba zake na kuubeba. Kando ya bomba kulikuwa na mstari mrefu wa bidoni tupu, madumu ya maji, zimepangwa vizuri, kila moja mahali pake, na wenyewe wamekaa kivulini wakizitazama. Hakuna aliyekuwa anapanga mstari tena, lakini hakuna aliyethubutu kuondoa bidoni yake.

Nilimkuta yaya karibu na behewa bovu. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga. Aliponiona, hakusimama.

"Nilijua mutatuma mutu," alisema. "Kufuli ingemuleta. Lakini sikujua batatuma mutu wa uzi na sindano."

"Yaya, naomba funguo. Shefu eko na msumeno. Kivuli ikifika ku nguzo anakata."

Hakutia mkono mfukoni. Aliniuliza nani alikuwa posti pamoja na shefu. Nikamwambia kuhusu vijana wawili. Ndipo akasimama, akanishika mkono wa ovaroli, akanivuta mpaka nyuma ya behewa.

"Kuko mutu ku laini," alisema.

Nilidhani anazungumzia mwenzake wa nguzo. Nikamuuliza ni nani.

"Bibi. Na mutoto."

Akanieleza kwa maneno machache, kama mtu anayekabidhi zamu. Mke wake alikuwa amejifungua wiki ileile. Alipofika nyumbani siku ile, vijana walikuwa mtaa wa pili. Ku gare alikuwa amekwisha kupaona: matope na mvua, na watoto wachanga walikuwa wanakohoa usiku kucha. Akafikiri mahali pakavu penye mlango wa chuma. Akawapeleka kwenye kibanda cha transfoma kilicho nyuma ya kiwanja cha mpira, pale ambapo umeme mkubwa wa laini unapunguzwa kwa ajili ya pampu. Ni chumba cha matofali, dirisha hakina, na mlangoni kimechorwa kichwa cha mfu na mifupa miwili. Kila mtoto wa Kolwezi amefundishwa kutokaribia mlango wa aina hiyo. Wenye mashoka pia walikuwa wamefundishwa walipokuwa watoto.

"Batu banaogopa ile nyumba kupita kanisa," alisema. "Na kuran nilikata mi mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya salama kupita zote za Kolwezi. Kazi ku laini ilikuwa imekwisha, nyaya za udongo niliisha kutoa. Ilibaki kufuli tu. Njo kufuli inabalinda."

Aliwaachia maji, mkate na godoro dogo, akafunga mlango kwa ufunguo wa pembetatu tunaobeba mafundi wote, akaenda kutafuta nafasi katika treni. Walimkamata barabarani na kumleta ku gare. Alijaribu kutoka, jicho lile lilikuwa jibu. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu neno likitoka mdomoni ku gare lilikuwa linafika mlangoni kabla yako.

Nilielewa kila kitu kwa picha moja. Ndani ya kibanda kile, juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, zinapita shaba tatu zilizo wazi, hazina ganda. Zikiwa zimekufa, unaweza kuanika nguo juu yake. Zikiwa hai, si lazima uziguse. Inatosha kuinua mkono karibu. Na mtu aliyekaa gizani tangu juzi anaposikia kelele ya ghafla, hufanya nini? Husimama.

Yaya akatoa ufunguo, lakini hakuuachilia. Tuliushika wote wawili.

"Ufunguo haupewi mutu. Unajua. Leo naupa we, kwa hiyo leo we njo mi. Uende kwanza ku kibanda, ubalete huku. Usipite ku posti. Ukipita, watakuambia fungua, na utasema nini mbele ya bale bavijana?"

"Atanifungulia?"

"Hawezi, mulango unafungwa inje. Ugonge ku bawaba na ufunguo wako, kiisha useme, mushonaji njo iko. Anakujua. Nilimuchekesha sana na mambo yako."

Mlangoni ku gare nilionyesha ufunguo, na vijana wakashangilia kidogo. Nikatembea. Sikukimbia, kwa kuwa mtu anayekimbia siku zile alifuatwa. Nilitembea upande wenye nguzo, na kila nguzo niliangalia kivuli chake kimesogea kiasi gani. Nilijua shefu ni mtu wa majumba. Mtu wa majumba hana kufuli. Anazima swichi ya ukutani, anafanya kazi, anawasha. Hakuna kilichomlazimisha kuheshimu kitu ambacho hakikuwa sheria ya kabila lake.

Kiwanja cha mpira kilikuwa kitupu. Nilipofika kwenye kibanda nilifanya jambo ambalo ni mshonaji tu angelifanya kwanza. Niliweka sikio kwenye mlango. Transfoma hai huimba. Chuma chake hutetemeka na kutoa mlio mmoja mzito usiokatika, na nimeusikia mlio huo maishani mwangu kuliko sauti ya baba yangu. Nikasikiliza. Kimya kabisa. Nilifurahi kwa kimya kile kuliko nilivyopata kufurahia sauti yoyote. Maana yake kufuli lilikuwa bado mahali pake.

Nikagonga kwenye bawaba. Nikasema, mushonaji njo iko. Nikasema tena. Nikafungua.

Alikuwa amekaa juu ya godoro, mgongo kwenye tangi baridi la transfoma, miguu imekunjwa. Mtoto alikuwa amefungwa kifuani kwa kitenge, na kiganja cha mama kilikuwa juu ya kitenge, pale palipo na kichwa. Mwanga ulimuumiza, aligeuza uso.

"Kuko batu inje?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Hakuna, mama. Niko mi peke yangu."

"Asubui batu walikuya. Walisimama ku kivuli ya nyumba, wakavuta tumbako, wakakawia. Nilimuweka ku kifua asilie."

Nikamuuliza mtoto anaendeleaje.

"Analala," alisema.

Nikamuuliza, kwa kukosa la kusema, ni mwanamume au mwanamke. Akasema mwanamke. Aliinuka akishika ukuta, nami nikamwonyesha kwa mkono ainame, ingawa shaba za juu zilikuwa zimekufa. Mazoea. Aliinama kama mtu anayetoka katika nyumba ya chini sana.

Bidoni yake ilikuwa tupu, na hiyo ndiyo iliyotupitisha. Siku zile nusu ya wanawake wa kambi walikuwa njiani na bidoni kichwani wakitafuta maji, na hakuna aliyemtazama mwanamke mwenye bidoni. Akamhamishia mtoto mgongoni akinipa kisogo, akafunga kitenge kikamfunika mtoto mpaka kichwani, akajitwika bidoni. Yeye alitangulia. Mimi nilifuata nyuma, upande wa pili wa barabara, fundi anayekwenda zake kazini. Jua lilikuwa kali. Lori moja lilipita na honi yake karibu na masikio yetu. Mbwa walibweka. Mtoto hakulia. Nilitazama mgongo ule njia yote, na kitenge hakikusogea ila kwa mwendo wa mama.

Mlangoni ku gare sikujua nitasema nini, lakini hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyekatazwa kuingia. Kijana aliyeniita tata, yaani baba, alimsogezea mwanamke fimbo apite, kama anavyofunguliwa mtu mlango.

Yaya alikuwa amesimama palepale nyuma ya behewa. Hakumkumbatia mke wake. Alimtua bidoni, kisha akafungua kitenge mgongoni, akampokea mtoto, akafunua uso wake. Nilikuwa upande wa pili, niliona mgongo wa mkono wake tu na ncha ya kitambaa cheupe. Alitazama kwa muda. Kisha akafunika tena uso wa mtoto, taratibu, akambeba kwenye mkono uliokunjwa kama wanavyobebwa watoto. Aliponigeukia, jicho moja lilikuwa limefungwa kwa uvimbe na jingine halikuniambia kitu. Watu wa laini wana uso huo. Juu ya nguzo, mwenzako aliye chini hapaswi kujua kwamba umeogopa.

"Sasa hakuna mutu ku laini," alisema. "Enda ukafungue mayi, mushonaji. Batu banangoja."

"Na kufuli?"

"Uichunge. Nikirudi, nitakuomba."

Nilikwenda posti. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimekwisha kufika mguuni kikageuka upande wa pili, na wale vijana wawili walikuwa wamechoka na kwenda zao. Shefu alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Msumeno ulikuwa sakafuni, mbali kidogo naye. Kufuli lilikuwa linaning'inia zima, isipokuwa mstari mwembamba uliong'aa kwenye pingu yake, mahali ambapo meno ya msumeno yalikuwa yameanza na kuacha.

"Maisha yangu yote naweka ampoule ku manyumba ya batu," alisema bila kuniangalia. "Banasema sijue kitu ya laini. Njo kweli. Lakini kufuli nilishindwa."

Mwenye kufuli anapolifungua, kanuni ni kusema kwa sauti, hata kama yuko peke yake. Nikaingiza ufunguo, nikasema, hakuna mutu ku laini. Shefu akarudia nyuma yangu, kama mtu anayeitikia sala. Nikainua mkono wa swichi. Mbali kidogo pampu ilipiga kelele yake ya kuanza, na baada ya muda tukasikia wanawake wa kambi.

Baadaye niliambiwa kwamba ku gare maji yalitoka kwanza mekundu, halafu safi, na kwamba mstari wa bidoni ulianza kutembea bila ugomvi. Treni iliondoka siku chache baadaye kuelekea Tenke, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa. Sikufika kuwaaga. Kwenda ku gare bila ovaroli na bila sababu kulikuwa na maana, na nilikuwa na mke.

Hakurudi. Sikupata salamu wala habari. Miaka ilipopita na biashara ikafunguka tena, niliwauliza wafanyabiashara waliotoka Kasai kama wanamfahamu fundi wa laini wa Kolwezi, mwenye mke na binti mmoja wa rika fulani. Wote walikuwa na mtu wa kumtaja, na hakuwa yeye.

Nimelipima jambo hili la mtoto, la kwamba hakulia, kama ninavyopima koili ya mota, ncha kwa ncha. Mtoto wa wiki moja hulala kutwa nzima, na anayebebwa akitembezwa hulala zaidi. Mama alisema analala, na sauti yake ilikuwa tulivu. Baba alimfunika uso. Palikuwa na vumbi na nzi, kila mzazi angefanya hivyo. Hizo ni ncha za upande mmoja. Upande wa pili kuna kiganja kile juu ya kitenge, na watu waliosimama kivulini wakavuta tumbako, wakakawia. Kuna honi ya lori. Kuna muda ule alioutumia baba kumtazama. Ukiweka kipimo kwenye koili na mshale usitikisike, kuna mambo mawili: ama waya umekatika ndani, ama kipimo chenyewe kimekufa. Fundi huchukua kipimo kingine akathibitisha. Mimi sina kipimo kingine.

Wakazi wa nyuma ya kiwanja cha mpira hawakujua lolote kati ya hayo. Lakini haikupita miaka mingi wakaanza kulalamika kwamba ndani ya kibanda cha transfoma kuna mtoto analia. Mwanzoni ni watoto waliosema, halafu mama zao. Walisema anasikika zaidi asubuhi, mapema, na kwamba analia bila kuvuta pumzi. Wengine walileta mchungaji akaombea mlango. Kampuni, au kilichobaki cha kampuni, ilinituma mimi, kwa kuwa mlio wa transfoma ni kazi ya washonaji.

Nilikata umeme, nikafunga kufuli langu, nikaenda na spana. Niligonga kwenye bawaba kabla ya kufungua. Sababu ya kilio niliiona mara moja. Kifuniko cha bati juu ya tangi kilikuwa kimelegea, na chuma kinapotetemeka chini yake, bati huchukua mtetemo ule na kuupandisha juu, ukawa mwembamba kama sauti ya koo dogo. Asubuhi, watu wengi wanapowasha majiko, umeme unabadilika na sauti inabadilika nao. Jambo hilo limeandikwa vitabuni na lina maelezo kamili. Nikakaza boliti zote, moja baada ya nyingine, nikazirudia. Nikaenda posti, nikasema hakuna mutu ku laini, nikawasha, nikarudi kusikiliza.

Ulibaki mlio mzito wa kawaida tu. Kilio hakikuwapo. Mama mmoja aliyesimama kwenye ua wake aliniambia, "Asante, tata. Umemunyamazisha."

Nilimwitikia. Nikakusanya vyombo, nikatembea mpaka katikati ya kiwanja, na pale nikasimama, kwa sababu nilikuwa nimekikuta tena kile kimya cha njiani, mgongo ule ukitembea mbele yangu na kitenge kisichosogea. Nilikuwa nimekileta kwa mikono yangu na kukikaza kwa spana.

Nikarudi posti. Nikakata umeme, nikafunga kufuli, nikaingia kibandani, nikachagua boliti ya pembeni, ile ambayo haishiki kitu cha hatari, nikailegeza nusu mzunguko. Kazi mbaya, ambayo nisingemruhusu mwingine aifanye. Kisha nikawasha.

Posti ile siku hizi iko mikononi mwa wengine, lakini transfoma ni ileile. Kufuli lenye mstari wa msumeno liko nyumbani kwangu, ndani ya sanduku la vyombo, na ufunguo umefungwa kwenye pingu yake. Nikipita nyuma ya kiwanja asubuhi, natembea polepole mpaka niusikie ule mlio. Analia kidogo tu. Wakazi wamezoea.